Dhamana ya Kompyuta Isemwe Wazi

Askari anapokabidhiwa bunduki ghalani huikagua, huhesabu risasi, ndipo hutia saini. Askari huyo huyo akiingia dukani Kampala kununua kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu twaiita laptopu, hulipa fedha alizokopa katika chama cha akiba na mikopo, hubeba sanduku lake, na hati ya dhamana hubaki humo bila kufunguliwa. Kosa hilo si lake peke yake. Hati yenyewe imeandikwa kana kwamba haikukusudiwa kusomwe: herufi za kisisimizi, Kiingereza cha mawakili, na aghalabu mnunuzi haioni mpaka amekwisha kulipa.

Kilichotusukuma kuandika leo ni neno "kijeshi". Kompyuta kadhaa husifiwa kwamba zimefaulu majaribio ya MIL-STD-810. Kipimo hicho ni cha kweli. Jeshi la Marekani lilikitoa mara ya kwanza mwaka 1962, na toleo lake la 2019 laeleza namna ya kujaribu vifaa kwa joto, baridi, vumbi, unyevu, mtikisiko na kuangushwa. Lakini lazima ifahamike ya kuwa mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio yapi ayafanye na kwa kiasi gani, wala hakuna ofisi ya jeshi hilo inayotoa cheti cha kufaulu. Tena wapo watengenezaji wanaoongeza, kwa maandishi madogo, kwamba majaribio hayo hayamaanishi kuwa kifaa kinafaa kwa matumizi ya kijeshi! Ukiisoma dhamana yenyewe wakuta kwamba kuanguka, kuingiwa maji na kuharibiwa na umeme vyote vimeondolewa. Tangazo lasema kompyuta iliangushwa ikainuka nzima. Dhamana yasema ikianguka, shauri yako.

Sisi twaona jambo hili si haki. Sifa iliyomshawishi mnunuzi atoe fedha hapana budi iingie katika dhamana. Atakayemwaga chai juu ya kibodi asimlilie muuzaji, hilo twalikubali. Lakini kompyuta iliyouzwa kwa sifa ya kustahimili vumbi, ikafa kwa vumbi la Karamoja katika miezi 3, irudishwe na itengenezwe bila malipo.

Betri nayo yataka maelezo yake. Betri ya lithiamu hupungua nguvu kila ichajiwapo, na yapo makampuni yanayotoa dhamana ya miaka 3 kwa mashine na mwaka 1 tu kwa betri. Hatulalamikii mwaka huo. Twalalamika kwamba haukutajwa ukurasa wa kwanza, na kwamba mnunuzi haambiwi betri ikipungua asilimia ngapi itahesabiwa kuwa mbovu.

Kisha kuna mahali. Askari wa Moroto akiambiwa arudishe mashine Kampala, nauli ni ya nani? Na aliyenunua yake akiwa kazini nchi ya nje, akarudi nayo nyumbani, huenda akaelezwa kwamba dhamana ilikuwa ya nchi ile tu. Mambo hayo mawili yangetosha kuandikwa katika mistari miwili.

Kwa polisi na wanajeshi liko lingine zito zaidi. Diski ikiharibika na kubadilishwa kwa dhamana, ile ya zamani kwa kawaida huwa mali ya kampuni. Haki ya kubaki nayo mara nyingi huuzwa mbali, kwa malipo ya ziada. Polisi aliyehifadhi maelezo ya mashahidi katika kompyuta yake mwenyewe, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, ataikabidhi diski hiyo kwa fundi asiyemjua. Dhamana ingelisema hilo mapema, wengi wangefuta kumbukumbu zao wakati mashine ingali hai.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 kwamba dhamana ya maandishi ieleze kama ni kamili au ina mipaka, na mnunuzi aweze kuisoma kabla ya kununua. Kwetu Uganda, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 yataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimjulisha muuzaji. Na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Twaiomba Wizara ya Biashara iwatake waagizaji watoe ukurasa 1 wa Kiswahili na Kiingereza: nini kinalindwa, nini hakilindwi, kwa muda gani, kitatengenezwa wapi, na nani atalipa usafiri.

Wakati tunangoja, maafisa na askari waiombe hati kabla ya kuhesabu fedha. Wamwambie muuzaji waziwazi kompyuta itafanya kazi gani na wapi, iwe kambini penye umeme wa jenereta au nyuma ya lori, naye ayaandike hayo juu ya risiti, atie saini na mhuri wa duka.