Si kila mwenye kisukari anatakiwa "kushusha sukari"

Ukitafuta "kisukari" kwenye simu, mengi utakayokutana nayo yanaahidi kushusha sukari: juisi ya kushusha sukari, majani ya kushusha sukari, mlo wa kushusha sukari. Kwa kawaida anayelengwa ni mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili, ila mwandishi hasemi. Na msomaji anaweza kuwa mama mwenye mtoto wa aina ya kwanza.

Kongosho la mtoto huyo halitengenezi insulini ya kutosha, au halitengenezi kabisa. Hakuna majani yanayochukua nafasi ya sindano. Akiachishwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Wala hakuugua kwa kulishwa pipi, hata kama jina la ugonjwa linawafanya mawifi waseme hivyo.

Wengine husema "sukari ya kupanda" na "sukari ya kushuka" kana kwamba ni magonjwa mawili. Mtoto yuleyule anaweza kuwa na 18 asubuhi na 3 jioni, kwa sababu alichomwa insulini halafu hakula vizuri au alicheza sana. Akitetemeka, akitoka jasho, akawa mkali bila sababu, mpime. Ikiwa chini ya 4, mpe sukari, ndiyo, sukari hiyohiyo: vijiko vitatu vya chai kwenye maji kidogo, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Namba hizo ni za mmol/L, zinazotumika sana Tanzania na Kenya. Kurasa za Marekani hutumia mg/dL, ambayo ni mara 18 zaidi. Aliyesoma kwamba 110 ni kawaida akiona 11 anaweza kudhani imeshuka mno, kumbe kwa hesabu ya kule ni karibu 200. Angalia mashine yako inaandika ipi.

Mwaka 2018 NHS ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kuwataka wahudumu waache maneno ya lawama, kama "hafuati masharti". Sisi wauguzi bado tunayasema, na mitandaoni yamejaa. Mama akigombezwa kwa namba kubwa, kliniki ijayo huleta daftari lenye namba nzuri ambazo hakuzipima. Nimeyashika madaftari hayo. Dozi ya mtoto hupangwa kwa kuyaangalia.