Una sukari na umefika 25? Tafuta mbogi yako mapema

Mwaka jana beshte yangu mmoja wa mtaa alifikisha miaka 25. Tukamletea keki. Akatucheka, akajipima, akajidunga, akala kipande chake. Amekuwa akifanya hivyo tangu darasa la sita, kwa hivyo keki haikuwa shida. Shida ni kwamba kliniki ya watoto na vijana wenye kisukari aliyoizoea ilikuwa imemwambia ahamie ya watu wazima. Siku ya kwanza huko alijipata kwenye benchi katikati ya wazee. Shosho mmoja akamuuliza, "Mjukuu wangu, umemleta nani?"

Manze, tulicheka. Halafu nikaanza kufikiria.

Yeye ana kisukari aina ya kwanza. Hiki hakiletwi na soda wala uvivu. Kongosho linaacha kutengeneza insulini, na mtu asipodungwa insulini hadumu. Ni sindano kadhaa kila siku, maisha yote. Wengi wa wale wazee wana aina ya pili, ambayo wengine huidhibiti kwa tembe na chakula. Jina ni moja, lakini maswali si yale yale. Shosho hana haja ya kujua utafanyaje ukipewa zamu ya usiku, au pombe inaishusha sukari vipi ukiwa umelala, au msichana unamwambia lini. Kule kliniki ya vijana maswali hayo yalikuwa na siku yake: wanakaa na nesi, wanabishana, wanatoka. Kila mtu anajua kwamba mipango inayowapa watoto insulini bure ina kikomo cha umri. Kwamba kikundi nacho kinaisha siku hiyo hiyo, hilo halizungumzwi.

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, mjadala wetu ni wa pesa tu: asilimia 2.75 ya mshahara, au angalau shilingi 300 kwa mwezi kama huna mshahara, tena unatakiwa kuzilipa za mwaka mzima kwa pamoja. Ni mjadala wa maana, sibishi. Lakini bima hulipia dawa, vipimo na kitanda. Watu wanane kwenye viti vya plastiki hawana risiti, kwa hivyo hawana bajeti.

Na si ati Kenya haijui kufanya hivi. Kwa HIV tulifanya, tena vizuri. Mgonjwa aliyezoea dawa alifanywa mwalimu wa mgeni. Kina mama wenye virusi walifunzwa kuwashika mkono wajawazito waliopimwa juzi. Vijana wakapewa siku zao. Sehemu kubwa ya pesa ilikuwa ya Marekani, kupitia PEPFAR iliyoanza 2003. Januari 2025 Trump akasimamisha misaada, na Wizara ya Afya ikaanza kusukuma huduma za HIV ziunganishwe na kliniki nyingine.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo watu wa sukari wanafaa kufungua macho. Huu muungano ukifanywa vizuri, yule kijana aliyezoea kuwapa moyo wenzake wa HIV anaweza kukaa na kijana wa insulini pia. Kutumia dawa kila siku bila kuchoka, kuficha sindano shuleni, kumwambia mpenzi: mengi ya hayo wanayashiriki. Ukifanywa vibaya tutabaki na foleni moja ndefu, watu wa HIV wamepoteza faragha yao, na watu wa sukari hawajapata kitu.

Ukidhani kikundi ni mahali pa kulia tu, fikiria friji. Insulini inatakiwa iwekwe baridi. Wangapi mtaani wana friji, na stima isiyopotea? Beshte yangu alijifunza kutumia chungu cha udongo kilicholoweshwa maji, kikae kivulini, kutoka kwa mwenzake wa kliniki ya vijana aliyekulia Garissa. Hakuna daktari aliyekuwa amemwambia. Mwaka 2021, Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia vipimo vya joto kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab. Walipata kuwa insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu karibu zote. Chupa haikwambii hivyo. Jamaa wa Garissa anakwambia.

Vikundi vibaya pia viko. Ukiingia mahali na wiki ya kwanza unauziwa unga wa majani, halafu unaambiwa uache sindano, toka mbio. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, siku chache zinatosha kumfikisha chumba cha wagonjwa mahututi. Kikundi cha maana kina nesi anayekijua, hakimpangii mtu dozi, na pesa zikichangwa kila mtu anaona daftari.

Utakipata wapi? Anza na nesi wa kliniki, hata kama ni ile ya wazee. Mwulize mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Serikali ilizindua wahudumu 100,000 Septemba 2023, na mikoba yao ina mashine ya kupima sukari. Wanaingia nyumba kwa nyumba, kwa hivyo wanaowajua wenye sukari ni wao. Mwachie namba yako awapelekee, wakitaka watakupigia.

Kisha fanyeni chama. Huko Magharibi, AMPATH wamejaribu kuunganisha vikundi vya kuweka akiba na huduma za sukari na presha: mnachanga, mnapimwa, mnaongea na mhudumu mkiwa pamoja. Piga hesabu. Watu kumi wakichanga 360 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao analipiwa SHA ya mwaka mzima, 3,600. Nairobi hii, watu huchangia harusi za watu wasiowajua.

Beshte yangu ameanza. Wako sita, wanakutana Jumapili saa nane. Wakitaka kusajiliwa kama kikundi cha kijamii wanatakiwa wafike kumi, kwa hivyo bado wanne. Yule shosho wa benchi ameomba kuingia. Wengine wanasema hapana, yeye ni aina ya pili na atawahubiria. Beshte yangu anamtetea. Anasema shosho anaishi karibu, anaamka saa kumi, na ana friji.