DINI YA KIONGOZI: LIPI TUULIZE, LIPI TULIACHE

Kila zinapokaribia siku za kupiga kura, husikika katika mabaraza yetu suali moja: "Na bwana huyu, dini yake khasa ni ipi?" Muulizaji hanyanyui sauti. Huinama, akatazama kulia na kushoto, kisha akalitia neno lake sikioni mwa jirani. Sisi twasema kwamba suali linaloulizwa kwa namna hiyo si suali, bali ni fitina iliyovishwa kanzu ya suali. Na kwa kuwa wanachama wetu ni watu wa hoja, twapenda leo kuwatolea mfano wa taifa kubwa, lenye vyuo vingi na magazeti mengi, lilivyotumbukia katika shimo hili, ili mwenye akili azingatie.

Mwaka 2008 Barack Hussein Obama aligombea Uraisi wa Marekani. Khabari zake hazikuwa za siri, kwani mwenyewe alikwisha kuziandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1995. Kazaliwa Honolulu mwaka 1961. Mamake ni mwanamke wa Kansas; babake ni Mjaluo wa Kenya, aliyelelewa Kogelo katika nchi ya Nyanza; na babu yake, Hussein Onyango, alikuwa Mwislamu, na huko ndiko lilikotoka jina hilo la kati. Utotoni alikaa miaka kadhaa Jakarta, akasoma kwanza katika skuli ya Wakatoliki, kisha katika skuli ya serikali. Ukubwani, akifanya kazi Chicago, alibatizwa, akawa muumini wa kanisa la Trinity kwa muda wa miaka ipatayo 20.

Basi tazameni vituko vya fitina. Machi 2008 wapinzani wake walimshambulia kwa sababu ya khutba za mchungaji wake, Jeremiah Wright, wakamlaumu kwa kukaa mno mbele ya mimbari ile. Na ulipofika mwisho wa Mei akajitoa katika kanisa hilo. Na miezi hiyo hiyo, kwa barua-pepe zisizo na sahihi ya mtu, wengine wakanong'onezana kwamba yeye ni Mwislamu anayejificha. Mtu mmoja atakuwaje na khatia ya kumsikiliza mchungaji wake kupita kiasi, na papo hapo awe na khatia ya kutokuwa Mkristo kabisa? Lakini fitina haina haja ya kupatana na nafsi yake. Yatosha ipate masikio.

Mnamo tarehe 10 Oktoba 2008, katika mkutano wa hadhara huko Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia John McCain, mgombea wa chama cha Republican, kuwa hawezi kumwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain akaichukua maikrofoni akamkatalia: la, huyo ni mtu mwema wa familia, raia ambaye mimi na yeye tuna khitilafu katika mambo ya msingi. Twamsifu McCain, maana kumkatalia mfuasi wako mbele ya umati wakati unatafuta kura si jambo jepesi. Hata hivyo jawabu lake lilikuwa na ufa. Alijibu kana kwamba Mwarabu ni kitu kimoja na mtu mwema wa familia ni kitu kingine.

Wala upande wa Obama haukusalimika. Juni ya mwaka huo huo, huko Detroit, watu wa kujitolea katika kampeni yake waliwazuia wanawake wawili waliovaa hijabu wasikae nyuma ya jukwaa, mahali ambapo picha zingewaonyesha pamoja na mgombea. Kampeni iliomba radhi, na yeye mwenyewe akawapigia simu. Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye sumu ya jambo hili. Aliyesingiziwa hujikakamua kujitakasa, na katika kujitakasa huwakanyaga wasio na khatia yoyote.

Mtu aliyeunyosha ufa huo alikuwa Colin Powell, naye ni wa chama cha McCain, na aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 19 Oktoba 2008 alisema katika televisheni kwamba jawabu la kweli ni kuwa Obama ni Mkristo, na siku zote amekuwa Mkristo. Lakini jawabu lililo sawa zaidi ni kuuliza: na angekuwa Mwislamu, ingekuwaje? Akataja kaburi la askari kijana wa Kimarekani aliyeuawa Iraq, lililoko Arlington, ambalo juu ya jiwe lake hamna msalaba, bali mna mwezi na nyota. Maneno hayo machache yalikuwa na uzito kuliko makanusho yote yaliyotangulia.

Je, ukweli uliotangazwa ulitosha kuizima fununu? La hasha. Watafiti wa Pew waliwauliza Wamarekani mwezi wa Machi 2009, nao watu 11 katika kila 100 wakasema Raisi wao ni Mwislamu. Walipouliza tena Agosti 2010, walifika 18. Na waliosema ni Mkristo, ambao walikuwa 48, walishuka hadi 34. Mtu huyo amekwisha kula kiapo mbele ya ulimwengu, na kila siku aonekana, na bado wasiomjua wazidi! Na yote haya katika nchi ambayo Katiba yake, iliyoandikwa mwaka 1787, yakataza katika kifungu cha 6 kumtahini mtu dini yake ili apewe kazi ya serikali. Katiba yaweza kuufunga mkono wa serikali, lakini haiwezi kuufunga ulimi wa mtu barazani. Ulimi hufungwa na adabu ya mwenyewe.

Watakuwapo watakaotwambia: "Je, raia hana haki ya kumjua anayetaka kumtawala?" Anayo, wala hatuipunguzi haki hiyo hata chembe. Lakini kuna suali la kazi na kuna suali la moyo. Mwaka 1928 Al Smith, Mkatoliki, aligombea Uraisi wa Marekani akaandamwa na khofu kwamba Papa ndiye atakayetawala. Akashindwa na Herbert Hoover. Mwaka 1960 John Kennedy, naye Mkatoliki, aliulizwa hayo hayo. Tarehe 12 Septemba alikwenda Houston, akasimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti akawajibu waziwazi: kwamba kanisa lisiamrishe serikali, na kwamba ikitokea siku kazi ya Uraisi ikamlazimisha ama kuikhini dhamiri yake ama kuyavunja maslaha ya taifa, atajiuzulu. Akashinda. Hilo lilikuwa suali la kazi: utamtii nani ukishika kalamu ya serikali? Ni haki kuliuliza, kwa sharti mbili: liulizwe hadharani, na waulizwe wagombea wote, si yule tu ambaye jina lake haliwapendezi watu.

Na tusiwacheke Wamarekani peke yao. Wapo katika mwambao wetu waliofurahi mwaka 2008 kwa sababu ya lile jina Hussein, wakadhani mambo ya Waislamu wa dunia yamepata mwenyewe. Nao pia walimpima mtu kwa jina. Kweli alikwenda Cairo tarehe 4 Juni 2009 akawakhutubia Waislamu kwa maneno ya heshima. Lakini Desemba ya mwaka huo huo aliamuru askari 30,000 zaidi wapelekwe Afghanistan. Katika zama zake mashambulio ya ndege zisizo na rubani yaliongezeka Pakistan na Yemen. Na gereza la Guantánamo, ambalo aliamuru mwezi wa Januari 2009 lifungwe katika muda wa mwaka mmoja, alipoondoka Januari 2017 lilikuwa bado wazi, na ndani yake wafungwa 41. Basi waliomkhofu kwa ajili ya jina walikosea, na waliomtumai kwa ajili ya jina walikosea. Waliomjua ni wale waliotazama amri alizozitia sahihi.

Tena fununu ikiachwa haikai bure. Donald Trump, aliyekuwa mstari wa mbele mwaka 2011 kudai kwamba Obama hakuzaliwa Marekani, alitaka waziwazi Desemba 2015 Waislamu wazuiwe kuingia nchini. Akashinda uchaguzi, na tarehe 27 Januari 2017 akatia sahihi amri ya kuwazuia watu wa nchi 7 zenye Waislamu wengi, zikiwamo Somalia na Yemen, jirani zetu wa bahari hii. Hatusemi fununu peke yake ndiyo iliyoizaa amri ile. Twasema iliulimia shamba. Watu waliozoeshwa miaka mingi kuiona dini ya wenzao kuwa ni tuhuma, hawashtuki sana tuhuma inapogeuka kuwa amri.

Lakini upo pia mfano wa kututia moyo. Mwaka 2025 watu wa mji wa New York walimchagua Zohran Mamdani, Mwislamu aliyezaliwa Kampala, kuwa Meya wao. Naye alitukanwa kwa dini yake, wala hakuikana. Alizungumza juu ya kodi za nyumba, nauli ya basi, na malezi ya watoto wadogo, na wapiga kura wakaona hayo ndiyo yanayowahusu. Kama atayatimiza au hatayatimiza, kwa hayo ndiyo watakayomhukumu, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Basi, ndugu wanachama, chama kinachotaka kupewa imani na umma lazima kiwe cha kwanza kuiacha silaha hii, hata pale inapoonekana kuwa yatufaa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Leo tukimnong'ona mgombea wa upande wa pili kwa sala yake, kesho tutanong'onwa sisi kwa zetu, wala hatutakuwa na uso wa kulalamika. Mgombea ajapo mtaani kwenu, muulizeni kwa sauti inayosikika: bei ya karafuu utaifanyaje? Maji yatafika lini? Dawa hospitalini zitoka wapi, na fedha za umma zimekwenda wapi? Akijibu, yashikeni maneno yake mpaka siku ya hesabu. Na yule atakayeinama sikioni mwenu kuuliza mgombea husali wapi, mwambieni anyanyue sauti, baraza zima limsikie.