Kona ya Jamaa: Kuandika ukoo nayo ni kazi

Mwezi huu nataka tuongee juu ya kazi ambayo vijana wengi hawajui kama ni kazi.

Jioni moja kijana alikuja nyumbani kwangu ameshika daftari. "Shikamoo, papa." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, vuta kiti." Ni mtoto aliyemaliza sekondari humu humu kambini, na tangu amalize hana shughuli, kama wenzake wengi. Akaniambia hivi: "Papa, jirani yetu alifiwa na baba yake. Wakatafuta mtu wa kuandika wasifu wa marehemu wa kusoma kwenye matanga. Nikakaa na wazee usiku kucha, nikaandika. Nilipousoma watu walilia, kwa sababu hata watoto wake hawakujua kama babu yao alikuwa na ndugu saba. Toka siku ile familia tatu zimeniita. Mmoja alinipa sabuni, mwingine unga kilo mbili. Sasa nauliza, hii inaweza kuwa kazi ya mtu, ao napoteza muda?"

Nilimjibu: ni kazi, na ni ya zamani kuliko kazi ya karani.

Ndugu zetu Waluba wa Katanga walikuwa na chama kilichoitwa Mbudye. Watu wake walishika kibao cha mti kinachoitwa lukasa, kimepambwa shanga na simbi. Mwenye kujua alipitisha kidole juu ya shanga akasimulia wafalme, safari zao na watu wao. Kule Rwanda, katika jumba la mfalme, walikuwepo wazee walioitwa abacurabwenge. Kazi yao ilikuwa moja tu: kushika kichwani orodha ya wafalme na mama zao, kizazi kwa kizazi, bila kuruka. Marekani nako kipo chama cha watu wanaofanya kazi hiyo kwa malipo, kilianzishwa mwaka 1979. Watu wanawalipa wawatafutie mababu katika vitabu vya makanisa, orodha za meli na makaratasi ya mashamba. Kwa hiyo mtu asikucheke. Anayekucheka leo ndiye atakayekuita siku akifiwa.

Lakini nisikudanganye, mwanangu. Hapa kambini hutatajirika. Kazi ipo kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye makaratasi, na siku ya kurudi nyumbani kugawana shamba la babu. Harusi usiidharau. Watoto wetu wamezaliwa hapa, wanapendana hapa, halafu siku ya kupeleka posa ndipo wazee wanagundua kwamba bibi zao ni wa tumbo moja. Ukoo ungekuwa umeandikwa, machozi yale yasingekuwepo.

Unaanzaje?

Unaanza kwenu. Usiende kwa jirani kabla hujaandika baba, mama, babu wanne na mababu wao kadiri watu wanavyokumbuka. Ukishindwa kwako hutaweza kwa wengine. Anza na mzee kuliko wote, hata kama anasahau, maana mwakani pengine hutamkuta. Usimwulize kama polisi. Mwache asimulie, wewe andika, halafu rudi siku nyingine umsomee. Atakusahihisha mwenyewe.

Kwenye majina hapana mchezo. Andika majina yote ya mtu: la nyumbani, la ubatizo, la shule, hata la utani. Sisi wa Kongo tunajua ya mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kizungu. Papa aliyekuwa Joseph kwenye kitabu cha parokia mwaka 1960, kwenye kitambulisho cha Zaire hana Joseph. Miaka ya tisini akaanza kulitumia tena. Ni mtu mmoja, lakini kwenye makaratasi ni kama watu wawili. Kwa Warundi, baba ana jina lake na kila mtoto ana lake. Usimtafute mtoto kwa jina la baba, utapotea. Lakini jina la Kirundi lenyewe linasema: Bukuru na Butoyi ni mapacha, Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane. Ukikuta Minani na familia imekutajia watoto watano, uliza kwa upole: wengine wako wapi? Pengine wamekufa, na mama hapendi kuwataja. Usimlazimishe, lakini uliza.

Mahali nako kunabadilika jina. Mzee akisema alizaliwa Albertville, ni Kalemie. Akisema Katanga ao Shaba, basi ni jimbo lile lile kwa majira mbalimbali, na tangu mwaka 2015 sehemu ya Kalemie na Moba inaitwa jimbo la Tanganyika. Burundi nayo mwaka 2025 ilitoka mikoa 18 ikabaki na 5. Andika jina lilivyokuwa wakati ule na lilivyo leo, kisha teremka mpaka kijiji, ao mlima kwa Warundi, na jina la shefu.

Miaka ndiyo inasumbua zaidi. Wengi wetu tumezaliwa tarehe 1 Januari! Ni karani alituzaa siku hiyo, kwa sababu hatukujua tarehe. Tumia matukio. Muulize mama: mtoto huyu alikuwa anatembea wakati wa Uhuru, 1960? Maji ya ziwa yalipopanda sana 1964, alikuwa mgongoni ao tumboni? Jina la Zaire lilipoingia, 1971, alikuwa shule? Kwa Mrundi uliza 1972, uliza 1993 alipouawa Rais Ndadaye. Halafu andika "karibu na 1964", usiandike tarehe ya kutunga. "Karibu na" si aibu.

Baada ya midomo, tafuta karatasi. Parokia za Kikatoliki zina kitabu cha ubatizo chenye jina la mtoto, wazazi na msimamizi, na ndoa yake huandikwa pembeni baadaye. Mapadri Weupe wako kandokando ya Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1879, kwa hiyo viko vitabu vya zamani sana. Mtu akiwa bado kule nyumbani, mwombe apite parokiani. Na kwa wale tuliopotezana nao, Msalaba Mwekundu wanapeleka barua za familia na kutafuta watu bure kabisa. Atakayekudai pesa kwa ajili ya barua ile ni mwizi.

Anavyoitwa na alivyozaliwa

Sasa hapa sikilizeni vizuri, hata ninyi ambao hamtaki kazi hii.

Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka yangu, basi. Dada ya mama ni mama, akiwa mkubwa ao mdogo. Ukimwuliza mzee ana ndugu wangapi atakuambia kumi na wawili, na hakusema uongo. Lakini afisa mwenye fomu akiuliza ndugu, anataka wale wa baba mmoja ao mama mmoja. Kwa hiyo katika daftari lako kila mtu awe na mistari miwili: anavyoitwa, na alivyozaliwa. "Anaitwa mtoto wangu. Amezaliwa na mdogo wangu fulani na mke wake fulani." Mstari mmoja ni heshima, mwingine ni ukweli. Usifute hata mmoja.

Mimi nilifuta. Ni habari yangu mwenyewe, na lawama ni yangu.

Mwaka 1998 vita ilipoanza tena, mdogo wangu aliuawa. Mke wake tulipotezana naye njiani. Mtoto wao, wa miaka mitatu, alikuwa mgongoni mwa mke wangu tulipovuka ziwa usiku. Tulipofika kuandikishwa, karani akauliza, "Huyu?" Nikasema, "Wangu." Akauliza jina, nikatoa jina langu. Sikuwa na nia mbaya. Nani angeanza kueleza habari za marehemu, saa ile, na watoto wanalia njaa? Na kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Nikalala nikijiona nimefanya vizuri.

Kumbe mama yake alikuwa hai. Alikimbilia upande wa Zambia. Akamtafuta mtoto wake kwa jina alilompa yeye, jina la baba yake. Wakatafuta katika orodha za kambi, mtoto wa jina lile hayupo. Hayupo, kwa sababu nilikuwa nimemfuta mimi. Tukaja kujua kwa bahati tu, mwanamke wa kijijini kwetu alipoonana naye na kumwambia ametuona. Alipofika hapa ilikuwa mwaka 2004. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Alitoka ndani, akapiga goti kama tulivyomfundisha, akamwambia, "Shikamoo, mama mdogo."

Alimsalimia mama yake kama wanangu wanavyomsalimia mke wa mdogo wangu. Hakukosea adabu. Mimi ndiye niliyemfundisha ukoo wa uongo. Shemeji yangu aliitikia marahaba, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hakuniuliza kitu siku ile. Miaka sita wasichana wangu walikuwa wakimbeba mtoto ambaye mama yake alikuwa akimlilia, na kizuizi kilikuwa mstari mmoja kwenye karatasi.

Ndiyo maana sichekeshwi na watu wanaosema, "Ongeza tu mtoto mmoja, nani atajua?" Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima DNA za watu walioomba kuwafuata ndugu zao kule, ikianzia Nairobi. Majibu yalipoonyesha kwamba wengi hawakuwa na undugu walioandika, mpango ule wa kuunganisha familia ulisimamishwa mwaka huo huo, ukafunguliwa tena 2012. Miaka minne. Waliofungiwa mlango ni pamoja na wale waliosema kweli. Kipimo kinajua damu tu. Hakijui nani aliuza nafasi na nani alilea yatima akamwita mwanangu. Lakini aliyeandika mistari miwili tangu mwanzo ana la kuonyesha.

Nilipomaliza kusimulia, kijana alinyamaza. Halafu akasema, "Papa, kuna mzee ameniahidi shilingi 30,000 niandike jina la mtoto mmoja kwenye daftari lake, nilifanye lionekane la zamani. Nilikuwa bado kumjibu." Nikamwambia, "Mwanangu, ni pesa nyingi, sikatai. Lakini ukiichukua, daftari zote ulizoandika kabla ya hiyo na zitakazokuja zinakuwa uongo. Mwandishi wa ukoo anauza kitu kimoja tu: kuaminiwa."

Malipo na siri

Juu ya malipo, patana kabla ya kuanza, tena patana kwa siku ao kwa daftari. Usipatane kwa majibu. Unalipwa kwa kutafuta, hulipwi kwa kupata. Ukilipwa kwa kupata, siku utakayokosa utatunga. Mjane na mwenye kutafuta mtoto, waandikie bure. Mungu anaona.

La mwisho ni zito. Orodha ya ukoo inaweza kuua. Rwanda kabila liliandikwa kwenye kitambulisho tangu wakati wa Wabelgiji, miaka ya thelathini, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani karatasi ile ile ndiyo iliyowachagua wa kufa. Kwa hiyo omba ruhusa ya mwenye ukoo. Daftari ni mali ya familia, si yako. Usiliache ovyo, usilipige picha na kulituma kwenye simu, usimsomee mtu wa nje. Na mambo ya ndani utakayosikia, mtoto wa nje ya ndoa, mama aliyetendewa ubaya vitani, yaishie kifuani mwako. Mwenye mdomo mwepesi atafute kazi nyingine.

Kijana aliondoka usiku. Wiki iliyofuata alirudi na daftari jipya, ukurasa wa kwanza ameandika kwao. Upande wa bibi mzaa mama palikuwa na nafasi tupu. Nikamwuliza mbona hakujaza. "Sijui bado, papa. Nimeacha nafasi." Hapo nikajua ameanza kazi.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu kwa kila familia: Jumapili moja kaeni pamoja, watoto wawepo, mzee aseme majina, mwenye mwandiko mzuri aandike mistari miwili kwa kila mtu. Karatasi ifungwe kwenye nailoni, iwekwe pamoja na kadi za familia. Kama kuna mtoto unayemlea ambaye hukumzaa, mwandikie wazazi wake leo, kabla jua halijazama.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaliwa.