Giza la Mchezo Liwe na Maana

MEZA YA JUMAMOSI
Na Zuhura Kombo

Onyo la "kwa watu wazima pekee" limezagaa kwenye majalada ya visa vya michezo ya njozi inayochezwa mezani, na mara nyingi halistahili kuwekwa hapo. Kujaza damu, mateso na ngono kila ukurasa ni kazi rahisi. Hata kijana wa miaka 14 anaiweza. Kisa cha watu wazima ni kile kinachomkalisha mchezaji mbele ya uamuzi mzito na kumwachia aubebe mwenyewe.

Kwa asiyeifahamu michezo hii: watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi au mwizi. Mwenzao mmoja ndiye msimamizi. Huyo hueleza mahali walipo, huwasemea wote wanaokutana nao njiani, kisha huuliza: mnafanya nini? Penye hatari, dadu huamua. Dungeons & Dragons, mchezo uliowazaa wenzake wote wa aina hii, ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hapatafutwi mshindi. Wanaosimulia hadithi ndio hao hao waliomo ndani yake.

Kwa sababu hiyo, ukatili wa mezani hauwezi kupimwa kwa mizani ya filamu. Anayetazama filamu hana la kufanya mtu anapoteswa. Atafumba macho au atavumilia. Mchezaji anasubiriwa ajibu. Kisa kinachomwonyesha unyama kisha kikamfunga mikono kimempokonya kitu chenyewe alichokifuata pale mezani.

Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, ilitoa kitabu cha Monte Cook, Book of Vile Darkness, chenye onyo la watu wazima. Ndani mna kanuni za mateso, kafara, maradhi na uraibu. Msimamizi mwenye busara atapata humo mengi ya kuchota kidogo kidogo. Lakini kanuni zitakwambia mateso yanampunguzia mhusika nguvu kiasi gani. Hazitakwambia mtesaji alifikaje pale, wala kwa nini jirani yake alisikia vilio akanyamaza. Visa vingi vilivyofuata mkondo huo vimebaki kwenye hesabu ya majeraha, vikadhani vimefika mbali.

Sasa tazama kinu cha upepo kilichomo katika Curse of Strahd, kisa cha mchezo huohuo kilichotoka mwaka 2016. Barovia ni bonde lililozingirwa na ukungu usiomruhusu mtu kutoka. Kijijini anapita bibi mmoja, Morgantha, akikokota mkokoteni wa keki ndogo tamu. Anayezila husahau dhiki yake na kuota yuko mahali pema. Hali ikiwa ngumu na fedha zikiisha, bibi hupokea malipo mengine: mtoto. Kule kinuni anakoishi na binti zake wawili, mifupa ya watoto husagwa ikawa unga wa keki zilezile. Ghorofani wamo watoto wengine vizimbani, hai.

Ni habari ya kutisha kuliko chochote nilichokisoma katika visa vya aina hii, na haihitaji kurushiwa damu usoni. Inatisha kwa sababu wazazi wale wanaeleweka. Wamekata tamaa, na mtu ameleta mlangoni kitu cha kuwasahaulisha. Kisha kisa kinawageukia wachezaji. Mkimvamia mapema Morgantha akiwa pamoja na binti zake, wachawi wote watatu, uchawi wao utawamaliza. Mkiondoka, watoto mmewaacha mkiwajua. Mkitaka kupatana nao, basi nanyi mmekuwa wateja. Kila njia ina gharama, na hakuna anayewasukuma kwenye mojawapo. Huo ndio uzito ninaoudai.

Strahd mwenyewe, mnyonya damu anayeitawala Barovia, amejengwa kwa uangalifu huohuo. Alimuua mdogo wake Sergei siku ya harusi kwa sababu alimtaka Tatyana, bibi harusi. Tatyana akakimbia na kujirusha kutoka ngomeni. Tangu hapo Strahd humwandama kila mwanamke anayefanana naye, na hilo analiita mapenzi. Kisa cha awali alimotokea, Ravenloft, kiliandikwa na wanandoa Tracy na Laura Hickman na kuchapishwa mwaka 1983. Tracy Hickman ameeleza kwamba mnyonya damu wa fasihi ya kale ni sura ya mnyanyasaji wa wanawake, na kwamba kumpamba kuwa mpenzi wa kuvutia ni kupotea njia. Nakubaliana naye kabisa. Nani kati yetu hajawahi kumjua mwanamume anayedai anapenda huku akimfungia mwenzake njia zote za kutokea?

Najua wapo wasomaji watakaosema mambo haya yapigwe marufuku tu. Marekani walipita huko. Mwaka 1983 Patricia Pulling, aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua, alianzisha kampeni dhidi ya Dungeons & Dragons akiamini mchezo ndio uliosababisha kifo kile. Uchungu wa mama yule siudharau hata kidogo, ingawa lawama yake haikuthibitishwa. Toleo jipya la mwaka 1989 likayafuta majina ya mashetani. Viumbe wenyewe walirudi baadaye kwa majina ya kubuni, na visa havikuwa na hekima zaidi kwa sababu hiyo. Kubadili jina la uovu hakumfundishi mtu kuutambua.

Hata hivyo hofu ile ilikuwa na chembe ya ukweli: jambo unalolitenda wewe mwenyewe, hata kwa kuigiza, linazama ndani kuliko lile unalolitazama. Kwa hiyo makubaliano kabla ya mchezo ni wajibu. Mwandishi wa michezo Ron Edwards alitupa mipaka na mapazia: yaliyo nje ya mpaka hayatokei kamwe katika hadithi, yaliyo nyuma ya pazia hutokea lakini hayasimuliwi. John Stavropoulos akaleta kadi yenye alama ya X, inayowekwa katikati ya meza. Yeyote akiigusa, tukio linarukwa au linabadilishwa, wala haulizwi kwa nini.

Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huu unaua hofu. Mimi nimeona kinyume chake. Kundi langu lilipokaribia kinu kile, mwenzetu mwenye mtoto mchanga aliomba yaliyomo ndani yawekwe nyuma ya pazia. Nilieleza sauti ya jiwe la kusagia tu, na viatu vidogo vilivyopangwa kando ya mlango. Meza nzima ilinyamaza. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuingie. Mtu anayejua anaweza kusimama wakati wowote huthubutu kwenda mbali zaidi.

Kuna uchafu mwingine ambao hakuna kadi inayouzuia, nao ni ule wa mwandishi mwenyewe. Toleo lile la 2016 liliwachora Wavistani, wasafiri wa Barovia, kwa chuki za zamani dhidi ya Waroma wa Ulaya: walevi, wezi, watu wa kuloga. Mwaka 2020 Wizards of the Coast walikiri tatizo na kuyarekebisha maelezo hayo. Walifanya vema. Strahd haumizi mtu yeyote aliye hai, ila kashfa dhidi ya jamii iliyopo inaumiza, hata ikivalishwa njozi.

Basi msimamizi, kabla hujawaita wenzako mezani, kisome kisa chote hadi mwisho. Kila penye unyama, tafuta wachezaji wanaweza kufanya nini hapo. Usipopata kitu, tunga wewe: mlango ambao haukufungwa, shahidi anayeweza kushawishika, mateka anayeweza kufikiwa kabla ya alfajiri. Ukishindwa hata hapo, liondoe tukio lile. Wenzako wamekuletea jioni yao na imani yao, na hawakuja kukalishwa mbele ya mateso wasiyoweza kuyagusa.