Gombera akiwa hayupo



Novemba 1882 mapadre Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda, wakaja kusini mwa ziwa, hatimaye Bukumbi, jirani na Mwanza yetu hii. Walirudi Buganda mwaka 1885. Karibu miaka mitatu waamini wa kule, wengi wakiwa wakatekumeni, walikaa bila Misa wala padre wa kuwaungamisha. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba wakaendelea kufundisha na kusali. Mukasa aliuawa 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Tunahubiri sana juu ya moto ule. Mimi naona ile miaka mitatu ndiyo iliyowaandaa, maana hakuna aliyekuwa akiwahesabu kanisani.

Sanamu za leo nazo hupenda mahali pasipo na padre. Mfanyabiashara wa Mirongo anamkemea mganga mbele ya jumuiya, na hirizi iko chini ya meza ya duka. Kijana amepokea Komunyo, kisha kwenye benchi anafungua simu kuangalia kama mkeka wake umechanika. Ada ya mdogo wake imo ndani ya mkeka huo. Huyo akishinda, anamshukuru nani?

Nasi mafrateri tusijifiche nyuma ya kanzu. Likizo ni mwezi mzima, gombera hayupo, na bando lipo.