Pedi za Mashindano kwenye Gari la Kupeleka Watoto Shule (Sehemu ya 5)

Mama wenzangu, ile sehemu ya viti vya watoto imeleta maswali mengi. Mojawapo sijaweza kuliacha. Dada mmoja anauliza kama atoe hela ya akiba, maana baba watoto kanunua Subaru Impreza ya turbo na sasa anataka kufunga pedi za mashindano, eti kwa usalama wa familia.

Dada, hela ya pedi za mashindano usitoe. Ya breki nzuri toa, tena toa leo.

Tuelewane kwanza: nasema pedi za breki, vile vibao vinavyobana diski ya tairi ukikanyaga, si zile za duka la dawa. Kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Na mwendo una hila: ukitoka 50 kwa saa ukaenda 100, kazi ya kusimamisha gari haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Dereva wa mashindano anakanyaga breki kwa nguvu tena na tena, hazipati nafasi ya kupoa, kwa hiyo pedi zake zimechanganywa zivumilie moto mkali. Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 na Impreza. Hakuwa anapeleka mtoto chekechea.

Maana pedi nyingi za namna hiyo zinataka zipate moto kwanza ndipo zishike sawasawa. Zikiwa baridi, unakanyaga na gari linaendelea. Sasa niambie: saa kumi na mbili na nusu asubuhi umetoka getini, hujamaliza hata mita mia mbili, bodaboda anakatiza mbele yako na abiria wawili. Hizo pedi zimepata moto saa ngapi? Na njia nzima ya shule ni foleni, kona, foleni. Hazitapata moto mpaka mnafika. Juu yake zinapiga kelele na nyingi zinakula diski haraka. Mnalipa zaidi mpate breki mbaya zaidi pale mnapozihitaji.

Najua mashemeji watakuja na Kitonga. Nesi, tukirudi Dar kutoka Iringa mwezi wa 12, gari limejaa mizigo na watoto, pedi za kawaida zinachemka! Ni kweli, breki zikizidiwa na joto zinapoteza nguvu. Ila mteremko ule unashukwa kwa gia ndogo, hata gari la otomatiki lina gia ndogo, injini ishike gari na breki zipumzike. Ukishuka umeegemeza mguu kwenye breki mwanzo mwisho, hata pedi za McRae utaziunguza.

Tena mara nyingi kinachochemka ni mafuta ya breki, na hapa ndipo watu hawataki kuangalia kwa sababu hayaonekani na hayana sifa mtaani. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Lakini yanafyonza unyevu kidogo kidogo, na yakishafyonza, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, pedali inazama mpaka chini, na wewe una watoto watatu nyuma. Kuyabadilisha kila baada ya kama miaka miwili ni hela ndogo. Muulize baba watoto yalibadilishwa lini. Kama hajui, anza hapo kabla ya pedi.

Sikatai kabisa kuboresha pedi. Gari lenye nguvu, lililotumika Japan miaka kadhaa, ukaliwekea pedi feki za bei ya chee, ni jeneza lenye turbo. Nunua pedi nzuri za barabarani, za mtengenezaji anayejulikana, duka linalotoa risiti. Alama ya R90 kwenye pedi inamaanisha zimepimwa kwa kanuni za Ulaya za pedi za magari ya barabarani (wajanja wanaichapisha na kwenye feki, ndiyo maana nasema risiti). Zibadilishwe kulia na kushoto pamoja. Kitambaa kikibaki milimita 3, zimekwisha. Diski nazo zipimwe, unene wa mwisho mara nyingi umeandikwa kwenye diski yenyewe. Na kilomita za mwanzo breki zikanyagwe kwa upole, mara nyingi, pedi na diski zizoeane.

Kinachoniudhi hasa ni mpangilio wa matumizi. Ekzosi ya kunguruma imepatikana hela. Rimu zimepatikana. Gari limeshushwa mpaka linagusa matuta. Mama akiuliza breki anaambiwa hayo mambo ya gari huyajui. Mimi zamu za usiku nimeona nani anakaa pembeni ya kitanda cha mtoto aliyefungwa mguu kwa uzito. Ni mama. Anakaa wiki, anakaa mwezi, anaogeshwa mtoto palepale kitandani. Hakuna anayemwambia pale kwamba hayo si mambo yake. Basi na kwenye gereji ni mambo yake.

Jambo moja la kinesi kabisa. Siku ya kubadilisha pedi usiende na mtoto. Mafundi wengi wanapuliza vumbi la breki kwa kompresa, na pedi nyingine, hasa za zamani na za bei rahisi, zina asbesto. Hiyo inaleta kansa ya mapafu, na inaweza kuchukua miaka 20 na zaidi kujitokeza. Mwambie fundi afute kwa kitambaa kilicholowa, na yeye mwenyewe avae barakoa, naye ana watoto.

Jumapili ni matairi. Kabla ya hapo nendeni mkasome tarehe iliyoandikwa ubavuni mwa tairi zenu, ni namba nne, mbili za mwisho ndio mwaka.